Chupa ya Nyuma ya Maporomoko

Mkono ulioushika mkono wa Mjane haukuwa wa malaika. Msomaji aliyekaa wiki nzima akidhani mbingu zimeingilia kati atatusamehe; mbingu huwa na shughuli nyingine. Mkono ulikuwa wa dereva.

Tulimwacha Mjane, mwongoza watalii, kwenye ukingo wa maporomoko, viganja vyake vikiwa shubiri moja tu kutoka kwenye mgongo wa shemeji yake. Mwenye mgongo hakuwa na habari. Alikuwa ameinua simu juu ya kichwa akitafuta mtandao, na mtu anayetafuta mtandao hatazami nyuma wala chini.

"Niachie, mzee," Mjane alisema.

"Nikuachie umsukume?"

"Ndiyo."

"Basi sikuachii."

Dereva huyu huitwa Breki, kwa sababu hupunguza mwendo kabla ya kona ambazo wengine hawajaziona. Kwa kawaida hashuki garini. Leo alikuwa ameshuka.

"Akifa hapa, binti, anakufa mtu mwema," alimnong'oneza. "Mama yake atamlilia. Watu watavaa nyeusi. Na yule wako atabaki mlevi mpaka Kiyama."

Mjane aliteremsha mikono. Si kwamba alikuwa amesamehe. Alikuwa amefikiri, jambo ambalo hudhaniwa kuwa ni lile lile.

Kwani miaka sita nyuma, kwenye ukingo huo huo, mumewe alianguka. Watu wa kazini walimwita Mashoto, maana kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Mwili haukuonekana. Mdogo wake ndiye aliyerudi nyumbani na maelezo: kaka amekunywa chupa nzima ya mvinyo wake mpya, amelewa, ameteleza. Mdogo huyo huitwa Ulimi, kwa kuwa hutaja mvinyo wowote kwa kuuonja tu, na habari zake husadikiwa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa kuonja na kusema kweli ni kazi mbili tofauti za kiungo kimoja.

Mama yao, mwenye shamba la mizabibu, alikuwa na sheria moja. Anayefanya kazi ya mvinyo huonja na kutema. Akimeza kazini, si mtu wake. Akakataza kilio. Hapakuwa na msiba, wala picha ukutani. Mjane alimlilia mumewe bafuni, bomba likiwa wazi, ili maji yamsitiri sauti.

Na katika kila safari Ulimi huwasimulia wageni kisa cha "kaka aliyekunywa mpaka akajiona samaki". Wageni hucheka. Asubuhi hiyo walikuwa wamecheka tena, na daktari mmoja wa meno aliomba kisa kirudiwe ili mkewe akirekodi kwenye simu. Kilirudiwa. Hapo ndipo mikono ya Mjane ilipoinuka.

Ulimi aligeuka ghafla.

"Nyie! Mbona mmenisimamia nyuma kama wapiga picha za pasipoti?"

"Tunakuita, bosi," Breki alisema. "Wageni wameshapanda gari."

"Haya, twendeni. Leo siyo siku ya kuchelewa. Shemeji, umesahau leo ni siku gani?"

"Sijasahau, shemeji."

"Mama ananikabidhi ufunguo wa ghala. Jitahidi kutabasamu basi. Sura hiyo inachachusha mvinyo."

Akapanda ngazi akipiga mluzi. Breki alisubiri mluzi umezwe na ngurumo za maji, kisha akasema:

"Tazama mguuni pako."

Palikuwa na pete ya chuma iliyopigiliwa mwambani. Zamani waongoza watalii walitundika chupa kwenye pete kama hizo, nyuma ya pazia la maji, wakazipandisha mchana zikiwa baridi kama za jokofu. Baada ya Mashoto kuanguka Ulimi alipiga marufuku desturi hiyo, kwa ajili ya usalama, alisema. Pete hii maji huifunika mwaka mzima. Mwaka huu mvua ilikuwa haba, na ukame, ambao hauna urafiki na mtu, ulikuwa umeifunua.

Kwenye pete palikuwa na kamba. Kwenye kamba palikuwa na fundo.

Mjane alilitambua kabla hajainama. Mashoto alifunga mafundo kwa kuyapindua upande usio wake, na tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyewahi kuyafungua. Mkewe alikuwa amekata kwa kisu kamba za mizigo, kamba za kuanikia nguo, hata kamba za viatu usiku wa harusi yake. Kwa hiyo hakufikiri. Alitoa kisu chake cha kazi, akaishika kamba kwa mkono mmoja akaikata juu ya fundo, kama alivyokuwa akizikata miaka yote ya ndoa, akavuta.

Wavu ulipanda ukitiririka maji. Ndani yake mlikuwa na chupa moja nyeusi, isiyo na lebo. Nta nyekundu juu ya kizibo ilikuwa haijaguswa.

Chupa ilikuwa imejaa.

"Hii ndiyo ile shemeji anayosema kaka yake aliinywa," Mjane alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, na Breki akarudi hatua nyuma.

"Ndiyo hiyo. Ila peke yake haina maana. Atasema umeijaza jana."

"Nani anaujua mvinyo wenyewe?"

"Pipa lile lilikuwa dogo, na mvinyo uliobaki ulimwagwa. Walioonja walikuwa wawili tu. Mmoja ni mumeo."

"Na wa pili?"

Kule juu Ulimi alipiga honi ya gari kwa furaha ya mtu anayengoja ufunguo. Mjane alisokota wavu, fundo na chupa pamoja, akavitia mkobani.

Ushahidi pekee duniani ulikuwa umehifadhiwa kinywani mwa adui. Ilibaki kumfanya autoe mwenyewe.

*

Chumba cha kuonjea kilikuwa na meza ndefu, glasi zilizofutwa zikang'aa, na ndoo ya bati ya kutemea. Mama Mkwe alikaa kichwani mwa meza, ufunguo wa ghala ukining'inia shingoni kwa utepe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye tabia ya kuwatazama watu kana kwamba anaamua wavunwe leo au waachwe wiki moja zaidi.

"Mkamwana, umelowa," alisema.

"Ni maji ya maporomoko, mama."

"Usinidondoshee kwenye sakafu."

Wageni walikaa. Daktari wa meno alitangaza kwamba mvinyo mwekundu ni adui wa meno, kisha akasogeza glasi yake mbele ijazwe kwanza. Maharusi wawili walioshikana mikono tangu asubuhi waliendelea kushikana, jambo lililowafanya wamwage mvinyo mara mbili.

Ndipo ukafika mchezo wa Ulimi. Kila safari hujifunga macho kwa kitambaa cha meza. Chupa huvishwa mifuko ya kitambaa, humiminwa moja moja, naye hutaja shamba, pipa na mwaka. Hajawahi kukosea. Hajawahi pia kukaa kimya baada ya kupatia.

"Shemeji, nimiminie. Na usinionee huruma!"

"Sikuonei, shemeji."

Akaonja ya kwanza, akatema, akaitaja. Makofi. Ya pili ikawa vivyo hivyo. Daktari wa meno aliapa kwamba ulimi ule ungepaswa kukatiwa bima.

Mjane alimimina ya tatu. Methali inasema subira huvuta heri. Haisemi huvuta kwa kamba gani.

Ulimi alinusa. Akaonja, akauzungusha mvinyo mdomoni, akasahau kuutema kwa kitambo, kisha akatema polepole.

"Eeh," alisema. "Mmeutoa wapi huu?"

"Umeshindwa?" Mjane aliuliza. "Wageni, leo bosi ameshindwa."

Palipita mguno. Mke wa daktari wa meno aliinua simu yake arekodi. Ni neno dogo, kushindwa, lakini kuna watu ambao ukiliweka mezani wataruka juu ya shimo lolote kulifikia.

"Nani ameshindwa? Mimi? Sikilizeni, wageni wangu. Zabibu hizi ni za mtaro wa juu, ule wenye mawe. Pipa dogo, la mti mpya. Umetiwa chupani mapema, kabla haujatulia. Nilimwambia angoje, hasikii. Una uchungu mwishoni, mnauonja? Hakuna mvinyo mwingine wenye uchungu huu. Ilijazwa chupa moja tu, moja, na kaka yangu ndiye..."

Akakomea hapo.

"Kaka yako ndiye nini?" daktari wa meno aliuliza, kwa nia njema kabisa.

Ulimi alivua kitambaa machoni. Mjane alikuwa amekwisha kuuvua mfuko. Chupa ilisimama katikati ya meza ikiwa na nta nyekundu shingoni, na ilikuwa imepungua kiasi cha glasi moja.

"Nimekosea," Ulimi alisema.

"Hujawahi kukosea," alisema Mama Mkwe.

"Mama, leo pua imeziba. Vumbi la njiani."

"Mkamwana. Chupa hii imetoka wapi?"

"Nyuma ya maporomoko, mama. Ilikuwa imetundikwa pale alipoitundika mwenyewe. Nta nimeivunja sasa hivi, maharusi hawa wameniona. Ile ile aliyoinywa yote mpaka akalewa."

"Sikusema yote!" Ulimi alifoka.

Mke wa daktari wa meno alikuwa mtu mwenye kupenda mambo yawe sahihi. Alirudi nyuma kwenye simu yake, akabonyeza, na sauti ya Ulimi ya asubuhi ikajaa chumbani, ikiwa na ngurumo za maji nyuma yake: "...akainywa yote jamani, hata tone hakumbakizia mama yake!" Kisha vicheko. Cha daktari wa meno kilisikika kuliko vyote, na mwenye nacho akainama kuikagua glasi yake.

Mama Mkwe hakupandisha sauti. Aliijaza glasi ya mwanawe mpaka ukingoni.

"Meza."

"Mama, sisi hatumezi."

"Leo unameza. Yote. Usimbakizie mama yako hata tone."

Alimeza. Ilikuwa kazi ndefu. Mjane alimtazama koo likipanda na kushuka, na ndani ya kifua chake kitu kilichokuwa kimekunjwa tangu zamani kikaanza kujinyoosha.

"Sasa sema," mama alisema.

"Tuligombana. Alitaka jina lake liandikwe kwenye chupa. Jina lake peke yake, mama, kama vile mimi nilikuwa mpita njia! Nikamsukuma. Kidogo tu."

"Kidogo?" Mjane aliuliza.

"Kidogo, shemeji. Wallahi."

Mahali pengine kidogo ni kidogo. Ukingoni mwa maporomoko kipimo hicho hakitumiki.

Mama Mkwe alivua utepe shingoni. Ulimi, kwa mazoea ya mtu aliyeahidiwa jambo kwa muda mrefu, alinyoosha mkono. Mama akaupitisha ufunguo juu ya mkono ule, akautumbukiza katika ndoo ya kutemea.

"Ukiutaka, uokote kwa mdomo. Si ndiyo kazi yako?"

Hakuna aliyecheka. Bibi harusi aliuachia mkono wa mumewe kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hapa Mjane angeweza kuishia. Mwanamke mwenye busara angeishia. Lakini alikuwa ameungoja utamu huu kwa miaka, na ulipofika ulimini ulikuwa na ladha ya chuma tu, akataka zaidi. Akautoa wavu mkobani, ukiwa bado unadondosha maji, akaubwaga mbele ya shemeji yake pamoja na kamba na fundo.

"Itazame kamba yake! Itazame vizuri, kila usiku uione!"

Ulimi aliitazama.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alicheka. Alianza chini chini, akaendelea mpaka machozi yakamtoka.

"Shemeji, umeikata lini kamba hii?"

"Leo asubuhi."

"Enzi zile tulikuwa tukitumia kamba ya nini?"

Mjane aliirudia kamba kwa macho. Walikuwa wakitumia katani. Katani huoza majini kabla masika hayajaisha. Kamba iliyokuwa mezani ilikuwa ya plastiki ya buluu, mpya, bila hata utelezi wa maji. Alikuwa ameishika, ameivuta, ameikata. Mkono wake ulizoea kukata mafundo ya mumewe, ukalikata na hili bila kumuuliza mwenye mkono lilifungwa lini.

"Na fundo je?" Ulimi aliendelea, akijifuta macho. "Nani mwingine hapa duniani anayefunga kwa kupindua hivi? Mama, litazame! Nilisukuma mtu, sawa. Nilisema uongo, sawa. Lakini sijaua! Mama, sijaua mtu!"

Mama Mkwe alilichukua fundo. Vidole vyake ndivyo vilivyomfundisha mtoto yule kufunga kamba za viatu, na ndivyo vilivyomchapa mkono wa kushoto mpaka vikachoka. Alilizungusha fundo mara moja, akakaa kitini taratibu kama mtu anayeshushwa na wengine.

"Huyu ni mwanangu," alisema.

Mjane alitazama mlangoni. Breki alikuwa amesimama pale, kofia mikononi. Ni yeye aliyemwambia atazame mguuni. Ni yeye aliyesema, mmoja ni mumeo, hakusema alikuwa.

"Mzee?"

"Niliapa, binti."

"Uliapa."

"Mto ulimtupa kule chini, amevunjika mguu. Mimi ndiye niliyemwokota. Akaniapisha. Kila kiangazi huja kuipapasa pete chini ya maji, akabadilisha kamba. Alisema iko siku mtu ataipata chupa, ukweli utoke bila yeye kutoka."

"Kwa nini asirudi?"

"Alisikia mama amemkana na mdogo wake amemzika. Akasema hana tena wa kumrudia."

"Na mimi?"

Breki aliitazama kofia yake kwa makini makubwa.

"Na mimi, mzee? Mimi alinisahau wapi?"

Dereva aliivaa kofia, akaivua tena. Daktari wa meno aliuliza, kwa sauti ya chini, iwapo jibini bado ipo kwenye ratiba.

"Yuko wapi sasa?" Mjane aliuliza.

"Kule kule maporomokoni. Hungoja wageni waondoke. Ukame umemtia wasiwasi, alitaka leo aishushe chupa chini zaidi."

Mjane alichukua mezani kisu chake alichovunjia nta, akakifuta kwa kitambaa kile kile alichojifungia Ulimi, akakirudisha mkobani. Miaka sita alikuwa amekibeba kisasi mpaka kwenye mlango wa shemeji yake. Kumbe alikosea nyumba.

"Washa gari."

"Binti, twende kwa heri au kwa shari?"

"Wewe endesha."

Basi dogo lilirudi barabara ya maporomoko likiwa tupu, na kwa mara ya kwanza kona zilifika kabla dereva hajazipunguzia mwendo. Penye kibao cha kuwaonya wageni alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Mimi sishuki," alisema. "Nimekuzuia mara moja leo. Mara ya pili sina haki."

Mjane aliteremka ngazi peke yake. Ngurumo za maji zilimeza hatua zake kama zilivyozimeza za asubuhi.

Mtu alikuwa amepiga goti kwenye ukingo, akiipapasa pete ya chuma na kipande cha kamba kilichokatwa. Nywele za kisogoni zilikuwa zimeingia mvi. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa amezungusha kamba mpya ya buluu. Aliinama zaidi, akichungulia nyuma ya pazia la maji, akiitafuta chupa isiyokuwapo.

Shati lake lilikuwa na kiraka begani. Kiraka kilikuwa kimeshonwa vizuri sana, kwa mishono midogo, ya mkono wa kulia, yenye subira na upendo. Mashoto hakujua hata kushika sindano.

Mjane aliisoma mishono ile mmoja mmoja mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kuelekea mgongo wa mumewe, na safari hii hapakuwa na mtu nyuma yake wa kuishika.